Mpira wa shule Goma: walioanza 2019 wamemaliza, msimu mzima hawakuupata

Mtoto wa Murara aliyeingia darasa la saba mwezi wa 9 mwaka 2019, kama hakurudia darasa, alipaswa kumaliza sekondari katikati ya mwaka 2025. Ni miaka sita. Kwa mchezaji wa ekipe ya shule, ni misimu sita: miwili ya kubebea wakubwa maji na kuokota mipira, miwili ya kukaa benchi na kuingizwa dakika za mwisho, miwili ya kuvaa jezi mwenyewe na kumwonyesha mdogo wake pa kusimama kona ikipigwa. Hivyo ndivyo ekipe ya koleji inavyojengwa, iwe ya mapadri, ya waprotestanti au ya serikali. Hainunui wachezaji. Inawalea.

Kizazi hicho cha 2019 hakikupata hata msimu mmoja uliotoka mwezi wa 9 hadi mwezi wa 6 bila kukatwa au kutikiswa. Mji wa Goma umehesabu mengi yaliyopotea katika miaka hii sita: watu, nyumba, kazi, akiba za banki. Mbele ya hayo mpira wa shule unaonekana kitu kidogo, na ndiyo maana hakuna anayeuhesabu. Lakini ni mahali ambapo vijana wengi sana wa mji huu hucheza mpira wenye kocha, wenye saa na wenye sheria, kabla ya wachache kati yao kuonekana na vilabu kama DC Virunga, AS Kabasha au AS Dauphin Noir.

Tuchukue kalenda.

Msimu wa kwanza, 2019-2020, ulianza mji ukiwa na hofu ya Ebola. Mgonjwa wa kwanza ndani ya Goma alikuwa ametambuliwa tarehe 14 mwezi wa 7, na watoto walinawa mikono kwa maji ya klore kabla ya kuingia darasani. Tarehe 24 mwezi wa 11, siku ya Mungu asubuhi, ndege ndogo iliyokuwa inakwenda Beni ilianguka juu ya nyumba za Mapendo, jirani kabisa na Murara. Masomo hayakusimama kwa hayo. Yalisimama tarehe 19 mwezi wa 3 mwaka 2020, kwa ajili ya korona. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliitwa tena mwezi wa 8 ili wajitayarishe kwa mtihani wa serikali. Watoto wetu wa darasa la saba walingoja hadi mwezi wa 10.

Msimu wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Shule zilifunguliwa tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 2020, zikafungwa tena tarehe 18 mwezi wa 12, zikafunguliwa tarehe 22 mwezi wa 2 mwaka 2021. Tarehe 6 mwezi wa 5 jimbo likaingia katika hali ya dharura chini ya wanajeshi. Siku kumi na sita baadaye, Jumamosi usiku, Nyiragongo ukatapika. Tarehe 27 mwezi huo huo uongozi wa jimbo uliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamishwe, na Murara ilikuwa kwenye orodha. Watu walikwenda Sake, wengine Minova, wengine wakavuka mpaka kuingia Rwanda. Mwezi wa 5 ndio ambao kwa kawaida shule huchezea mechi zenye uzito.

Mwaka 2021-2022 ndio uliokaribia kuwa msimu. Ulifunguliwa tarehe 4 mwezi wa 10 na mgomo wa walimu, uliokula wiki nyingi za mwanzo, lakini baada ya mgomo kulikuwa na miezi iliyofuatana. Mtoto wetu sasa yuko mwaka wa tatu, ameanza kukaa benchi. Msimu huo ulipokuwa unafungwa, tarehe 13 mwezi wa 6 mwaka 2022, M23 ilichukua Bunagana.

Kilichofuata kila mkaaji wa Goma anakijua. Mwishoni mwa mwezi wa 10 mwaka 2022 Rutshuru na Kiwanja zilianguka, watu wakamiminika Kanyaruchinya, na shule za upande wa Nyiragongo zikawa malazi yao. Mwezi wa 2 mwaka 2023 maandamano dhidi ya kikosi cha Afrika ya Mashariki yalisimamisha mji siku kadhaa. Mwezi wa 2 mwaka 2024 vita vilikuwa Sake, kilomita zisizofika thelathini kutoka hapa. Tarehe 7 mwezi huo, timu ya taifa ilicheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire kule Abidjan. Wakati wimbo wa taifa unapigwa, wachezaji walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bunduki. Dunia nzima iliona. Leopards walifungwa bao 1-0, ila kwa wengi wetu usiku ule ulibaki wa ishara ile. Vijana wa koleji za Goma waliitazama kwenye televisheni huku mizinga ikisikika upande wa magharibi. Tarehe 3 mwezi wa 5 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi wa ndani upande wa Mugunga na Lac Vert.

Msimu wa sita, ambao kizazi cha 2019 kilipaswa kuwa manahodha, ulikatika kati ya tarehe 26 na 27 mwezi wa 1 mwaka 2025, M23 ilipoingia Goma. Umeme, maji na intaneti vilikatika. Maiti zilikuwa barabarani. Katikati ya mwezi wa 2, UNICEF ilisema watoto 795,000 wa Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini hawasomi kwa sababu ya mapigano, wakati mwezi wa 12 mwaka 2024 walikuwa 465,000. Shule za Goma zilianza kufungua milango mwezi huo wa 2, na wazazi wengi wakisita kumwachia mtoto aende peke yake. Stade de l'Unité, ambako kijana wa shule huota kucheza siku moja, tarehe 6 mwezi wa 2 ilijaa watu walioitwa kusikiliza mkutano wa AFC/M23. Haikuwa siku ya mpira.

Nimeandika tarehe hizi moja baada ya nyingine kwa sababu zikisomwa pamoja zinasema jambo ambalo moja moja haisemi. Tunapenda kusema ekipe fulani "ilikuwa na mwaka mbaya". Ekipe za shule za Goma hazikuwa na mwaka mbaya. Zilipoteza mnyororo. Yule wa mwaka wa kwanza alipaswa kumwona wa mwaka wa sita akicheza fainali, ili naye siku yake ikifika ajue presha ilivyo. Mwaka 2020 hakuona fainali. Mwaka 2021 hakuona. Alipofika yeye kuwa mkubwa, hakuwa na cha kuiga, na wadogo waliomtazama walimwona mtu anayejifunza pamoja nao. Kocha wa shule, ambaye mara nyingi ni mwalimu wa michezo anayelipwa vibaya au halipwi, anaweza kufundisha mbinu. Hawezi kufundisha peke yake tabia ya ekipe: nani anaongea baada ya kufungwa, nani anaosha jezi, nani anamfuata nyumbani mchezaji aliyekosa mazoezi mara mbili. Hayo hupokelewa kutoka kwa mkubwa.

Na anayekosa mazoezi mara mbili huko Murara hakosi kwa uvivu. Mtaa huu wa komine ya Karisimbi umekaa kati ya uwanja wa ndege na mpaka, ndani ya ile sehemu watu wanayoiita Birere, na ukishuka kidogo uko petite barrière. Uchuuzi unaanza mlangoni mwa nyumba. Kijana wa miaka 16 anaweza kupata siku yake kwa kubeba mizigo, kuuza unite za simu au kumsaidia mama anayevuka kwenda Gisenyi kutafuta bidhaa. Baba akipoteza kazi, kijana huyo hana tena saa kumi ya jioni ya kumpa kocha. Tangu mwezi wa 1 mwaka 2025 banki zimefunga, na hata CADECO ilipofunguliwa tena mwezi wa 4 pesa hazikurudi mfukoni mwa watu. Masomo ya msingi ni ya bure tangu 2019, lakini sekondari inalipiwa. Mwanafunzi anayefukuzwa kwa kukosa minervali anafukuzwa pia kwenye ekipe, kwa sababu jezi ni ya shule.

Kisha kuna kiwanja, au tuseme ukosefu wake. Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikala sehemu ya Murara kama ilivyokula mitaa mingine, ikashuka hadi ziwani. Watu walirudi wakajenga juu ya mawe yale yale. Katika kujenga upya kila mtu alitafuta pa kulala kwanza, na hakuna wa kumlaumu, ila mahali pa wazi palipobaki ni padogo na pa changarawe kali. Mpira unachanika upesi, viatu vinaisha upesi zaidi, na beki anayeteleza kuokoa anajua goti litabaki pale. Shule yenye uwanja wake inaazimwa na shule tatu zisizo nao. Saa za kiwanja zikipungua, saa ya wasichana ndiyo hukatwa ya kwanza. Hilo halikungoja vita.

Je, kuna la kufanya wakati vita havijaisha? Mimi nasema liko, na halihitaji dola nyingi. Linahitaji kalenda.

Tazama upya tarehe za mikatiko mikubwa ya shule katika mji huu tangu 2002: mwezi wa 1 mwaka 2002, mwezi wa 11 mwaka 2012 M23 ilipoingia mara ya kwanza na kukaa siku zisizofika kumi na tano, mwezi wa 3 mwaka 2020, mwezi wa 12 mwaka 2020, mwezi wa 5 mwaka 2021, mwezi wa 1 mwaka 2025. Ukiacha ule wa 2012, na mgomo wa 2021, hakuna uliogonga kabla ya katikati ya mwezi wa 12. Mara nyingi mwaka wa masomo Goma huvunjika kati ya Noeli na mwisho wa mwezi wa 5. Nasi mashindano makubwa tunayaweka wapi? Kuelekea mwisho. Tunangoja tarehe 30 mwezi wa 4, siku ya walimu, ili shule zikutane. Tunangoja Pasaka ipite ili ekipe ziwe zimezoeana. Tunaweka mavuno yote katika miezi ambayo kwetu ndiyo ya hatari.

Inawezekana kugeuza. Ekipe iundwe wiki ya pili ya shule, mechi za darasa kwa darasa zichezwe mwezi wa 9, na shule kwa shule mwezi wa 10 na wa 11. Shule sita za mtaa mmoja na wa jirani, kila moja ikicheza na nyingine mara moja, ni mechi tano kwa kila ekipe. Wiki tano za Jumamosi. Noeli ikifika, hata kama mwezi wa 1 utaleta lolote, kuna msimu uliochezwa, kuna bingwa, na mtoto wa darasa la saba ameona fainali kwa macho yake. Baada ya Noeli, amani ikikubali, mashindano ya mji yaendelee juu ya msingi huo.

Wapo watakaosema mwezi wa 10 na wa 11 ni mvua. Ni kweli. Lakini jiwe la lava hunywa maji haraka. Mtu wa Murara anajua kwamba saa moja baada ya mvua changarawe imekauka wakati barabara ya udongo bado ni tope. Pingamizi kubwa zaidi ni la minervali: miezi ya kwanza ndiyo wazazi wanahangaika kulipa, na prefe hatataka kumwona mwenye deni uwanjani. Hapo shule zikubaliane kwamba mwanafunzi aliyeandikwa anacheza hadi Noeli, deni liongewe na mzazi. Sioni prefe anayepoteza kitu kwa hilo. Anayefukuzwa mwezi wa 10 ana nafasi kubwa ya kutorudi, na asiyerudi halipi kabisa.

Kuna tatizo lingine ambalo kalenda haitatui. Mpira wa shule una ngazi: shule, mji, jimbo, taifa. Ngazi ya jimbo sasa imekatwa na mstari wa vita. Goma, Rutshuru na sehemu kubwa ya Masisi ziko upande unaoongozwa na AFC/M23. Beni na Butembo ziko upande wa serikali, na makao ya muda ya uongozi wa jimbo yako Beni. Ekipe ya Butembo na ekipe ya Goma zikutane wapi? Nani atasaini barua ya safari? Uwanja wa ndege wa Goma umefungwa tangu mwezi wa 1 mwaka 2025, na anayetaka kufika Kinshasa hupitia nchi jirani au huzunguka barabara ndefu. Mzazi gani atamwacha mtoto wa miaka 15 apite vizuizi vya pande mbili kwa ajili ya mechi? Mimi nisingemwacha.

Na huko juu ndiko zilipo pesa. Mwezi wa 2 mwaka 2022 Shirikisho la Afrika, CAF, lilikuja Kinshasa na kiongozi wake Patrice Motsepe, pamoja na Gianni Infantino wa FIFA, kuanzisha mashindano ya shule za bara zima. Mfuko wa Motsepe ulitoa dola milioni 10 kwa kazi hiyo. Shule inayotwaa ubingwa wa Afrika hupewa dola 300,000, ya pili 200,000, ya tatu 150,000, na pesa hizo zinalengwa kujenga shule zenyewe. Fainali za mwaka 2024 zilichezwa Zanzibar. Fikiria dola 150,000 katika koleji ya Karisimbi: madarasa, ukuta, na uwanja usiokata magoti. Shule ya Goma haina njia ya kwenda kuzitafuta, si kwa sababu ya miguu ya vijana wake, bali kwa kuwa ngazi ya pili ya kupanda haipo.

Wenye mamlaka ya pande zote mbili wameonyesha kwamba wanaweza kuongea pale wanapotaka, na mazungumzo ya Doha yanasikika kila wiki redioni. Sijasikia michezo ya shule ikitajwa kokote, wala sishangai. Lakini makanisa, ambayo yanasimamia sehemu kubwa ya shule zetu, yana ofisi Goma, Butembo, Beni na Bukavu na hayakuacha kufanya kazi upande wowote wa mstari. Yakitaka kupanga mashindano ya kanda mbili, moja ya kusini mwa jimbo na moja ya kaskazini, kila moja na bingwa wake aliyeandikwa, yanaweza kuanza bila kungoja sahihi ya mwanasiasa. Siku njia itakapofunguka, mabingwa wawili watakutana. Isipofunguka, kila upande utakuwa umecheza.

Jambo moja dogo lifanywe sasa, kabla ya kiwanja na kabla ya dola: daftari. Kila koleji iandike nani alicheza, mwaka gani, nafasi gani, mechi gani zilichezwa na zipi zilikatwa na kwa nini. Vijana wa 2019 wametawanyika. Wengine wako Kampala, wengine Nakivale, wengine Bujumbura, wengine bado wako hapa Birere wakibeba mizigo. Wengi wao hawana hata picha moja ya ekipe. Walioingia darasa la saba mwezi wa 9 mwaka 2025 watamaliza 2031, na wiki hizi ndio wanaobeba maji.